Karatasi ya Woga

Kila asubuhi Bi Mhasibu alivua viatu mlangoni, akasukuma mkoba wake chini ya meza, na kabla hata ya kuitikia salamu yangu akauliza, "Imeamkaje?"

Mgeni angedhani tuna mgonjwa ndani. Kumbe alikuwa akiulizia dola. Kazi yangu ya kwanza ya siku ilikuwa kufungua simu, kutazama bei ya benki na kumjibu. Nikisema imepanda, alishika kifua. Nikisema imeshuka, alishika kifua. Nikisema ipo palepale pa jana, ndipo alipozidi wasiwasi. "Ikikaa kimya hivyo ina jambo," alisema, na siku nzima alikunywa chai bila kuimaliza.

Ofisi yetu ilikuwa Konde, chumba kimoja juu ya ghala, na harufu ya mwani ilipanda ngazi pamoja nasi. Kampuni ilinunua mwani mkavu kwa wanawake wa Makangale na vijiji vya jirani, ikaufunga marobota, ikaupakia kwenye makontena na kumuuzia mnunuzi mmoja wa nje. Mnunuzi alilipa kwa dola, miezi mitatu baada ya mzigo kuondoka. Wanawake walilipwa kwa shilingi: nusu siku ya mzani, nusu mnunuzi akishatuma pesa zake. Mimi nilikuwa msaidizi wa Bi Mhasibu kwa miaka sita, na mama yangu alikuwa mmoja wa wanawake wale wa Makangale. Kwa hiyo bibi yule alipoogopa, nilikuwa na sababu mbili za kumsikiliza.

Aliogopa mambo mengi mno. Aliogopa mtungi wa gesi, waya uliochubuka, ngazi zilizolowa na mvua inayonyesha upande wa ghala. Aliogopa boti ya Unguja kiasi kwamba akilazimika kusafiri alifunga saumu siku moja kabla na kuwaomba radhi majirani wote. Alibeba pochi mbili, moja kifuani na moja mkobani, ili mwizi akipata hii akose ile. Funguo za kabati la ofisi alizichongesha seti tatu, na ya tatu hatukujua ameiweka wapi mpaka siku alipoondoka. Tulimcheka, naye alicheka pamoja nasi. "Mungu kanipa khofu," alisema, "nami naula mshahara wake."

Lakini binadamu hakumwogopa hata mmoja. Mkurugenzi wetu alikuwa mtu wa Wete, mnene, mcheshi, mwepesi wa kuahidi, na alikuwa na imani moja ambayo hakuna aliyeweza kuitikisa: dola haishuki. Kwa miaka yote aliyofanya biashara aliiona ikipanda tu. Kila mzigo ulipolipwa alitaka dola zikae benki zingoje zipande zaidi, na shilingi za kuendeshea kazi tukope. Siku moja alimsimamia Bi Mhasibu mezani.

"Bi Mhasibu, dola haina kushuka. Tangu nizaliwe sijaiona."

"Na weye tangu uzaliwe hujafa," alijibu bila kuinua kichwa. "Basi ndo hufi?"

Mkurugenzi alicheka mpaka akashika mlango. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyeogopa tu, na katika biashara ile kutoogopa ni ulemavu.

Kitu kilichomkosesha Bi Mhasibu usingizi, na baadaye mimi pia, ni Fatiha. Msimu unapofunguliwa tulikwenda Makangale, Mkurugenzi akataja bei ya kilo mbele ya watu, na ikasomwa Fatiha. Bei iliyosomewa Fatiha haishuki mpaka msimu uishe. Hilo halikuandikwa popote. Ila zamani kulikuwa na mnunuzi mwengine aliyeishusha katikati ya msimu akidai mambo yamembadilikia, na mwaka uliofuata hakupata hata gunia moja. Banda lake likawa la mbuzi. Basi sisi tulifungwa na bei ya shilingi leo, kwa dola ambazo zingekuja baada ya miezi mitatu, na hakuna aliyejua wakati huo zitakuwa shilingi ngapi.

Nilipoanza kazi sikulielewa jambo hili, nikajifanya nimelielewa. Aliniona. Alinituma nikalete kibaba tulichopimia mchele wa wapakizi, akakishika kwa mikono miwili.

"Tuseme umewaahidi watu magunia kumi ya mchele. Na huo mchele utapimiwa baada ya miezi mitatu, kwa kibaba cha mwenzio. Sasa hichi kibaba kitako chake hakijatulia. Kikishuka, kinaingia mchele mwingi, unafurahi. Kikipanda, ndo dola imeshuka: kwa nje kibaba ni kilekile, lakini mchele hautoshi. Ulowaahidi magunia kumi wanataka habari ya kitako?"

"Hawaitaki, Bi mkubwa."

"Basi kitako hicho ndo kazi yetu."

Dawa yake ya kwanza ilikuwa nyepesi. "Dola ilipe dola," alisema. Kamba, taitai za kufungia mwani kwenye kamba, na nauli ya makontena vyote vilitozwa kwa dola, kwa hiyo alikataa katakata vilipwe kwa shilingi. Alizitenga dola za gharama hizo pembeni, zikaingia kutoka kwa mnunuzi na kwenda kwa muuza kamba bila kugusa shilingi hata kidogo. Dola isiyobadilishwa haimtishi mtu, alisema. Zilizobaki, zile za kuwalipa kina mama nusu yao ya pili, ndizo zilizomtisha.

Alikuwa na daftari lake la jalada jekundu, mbali na vitabu vya kampuni. Kwenye kompyuta alifanya kama sheria inavyotaka: kila mwisho wa mwezi dola tunazozidai zilihesabiwa upya kwa bei ya siku hiyo, na tofauti ikaandikwa faida au hasara, ingawa hakuna senti iliyokwenda wala kurudi. Lakini katika daftari jekundu faida ya namna hiyo aliiandika kwa penseli, na hasara kwa wino. Mwaka mmoja Mkurugenzi alichungulia, akaona faida nono, akaanza kutaja gari jipya la kampuni. Bi Mhasibu akageuza daftari limwelekee.

"Umeona hii ni penseli? Nenda kanunue gari ya penseli."

Na kulikuwa na karatasi. Kila tulipojikinga na bei ya dola, kwa njia yoyote, alinikalisha niandike ukurasa mmoja wenye maswali manne. Tunaogopa nini? Kiasi gani? Nani atatukinga? Tutajuaje kuwa kinga inafanya kazi? Tarehe ilitiwa siku ileile kinga inapoanza. Wakaguzi wa mahesabu waliokuja kutoka Unguja waliupenda ukurasa ule na walikuwa na jina refu la kuuita. Sisi tuliuita karatasi ya woga. Siku moja nilitaka kuiandika kesho yake kwa sababu nilikuwa na harusi Micheweni. Alinivua mkoba begani kwa mkono wake mwenyewe. "Khofu ukiiandika baada ya mvua kunyesha, hiyo si khofu," alisema. "Hiyo hadithi."

Katika woga wote huo alibakiza mlango mmoja wazi, nao ni halua. Sukari ilikuwa imempata kabla sijamjua, na daktari alimkataza kila kitamu. Lakini kila Mkurugenzi alipotoka Wete na kikapu kidogo cha halua, Bi Mhasibu alifunga daftari, akanawa mikono na kula polepole huku amefumba macho. Mkurugenzi alimtania, "Hii nayo umeiandikia karatasi?" Naye, mdomo umejaa, alijibu, "Hii haina karatasi." Tulicheka wote watatu.

Tabia yake nyingine ilikuwa kusomewa. Katika mwaka wangu wa nne alianza kunipa kila barua na kila hati niisome kwa sauti. Alikaa ameegemea ukuta, mikono mapajani. "Nisomee, mwanangu. Maneno yakipita sikioni hayana pa kujificha." Nilidhani ananifundisha. Nilijivuna nyumbani kwamba Bi Mhasibu ananiandaa nichukue kiti chake. Mama alinisikiliza, akamaliza kufunga taitai zake, akasema, "Mwalimu husomesha. Huyo wako anasomewa. Mtazame vizuri." Sikumtazama.

Sasa nifike kwenye barua.

Benki moja ya Unguja ilituambia kuna mkataba unaotufaa. Tuiuzie dola zetu leo kwa bei ya kukubaliana, tuzikabidhi baada ya miezi mitatu. Bei ikishuka, sisi tuna yetu mkononi. Hicho ndicho alichokiomba maisha yake yote, na bado hakukitia sahihi. Alishuka ngazi akaenda kwa shehe wa msikiti wa karibu na soko, akarudi uso umemsawijika. Fedha kwa fedha ni mkono kwa mkono, shehe alimwambia. Kuuza leo na kukabidhiana baada ya miezi mitatu hakufai.

Mkurugenzi alisema mashehe wengine wana rai nyingine. Bi Mhasibu alisema yeye atafufuliwa na rai ya shehe wake. Alikwenda tena, na tena, mpaka shehe akamfungulia kitabu. Mtu anaweza kuahidi, alimweleza, kwa sababu ahadi si mauzo. Benki ikiahidi kununua dola kwa bei fulani siku fulani, siku hiyo ikifika watu wanauziana papo hapo, mkono kwa mkono, na halali inabaki halali. Ila aahidi mmoja tu. Wakiahidi wote wawili wamefunga mauzo kwa mlango wa nyuma. Benki ilipoulizwa ikasema utaratibu huo inao, kwa ada ndogo ya kazi.

Alirudi siku hiyo akiwa amechangamka. "Aahidi benki," aliniambia. "Siye tusiahidi kitu. Andika."

Nikaandika. Na hapa mkono wangu ulifanya ulichofunzwa tangu utotoni. Kwetu mwenye haja ndiye anayeahidi. Huendi kwa mkubwa kumwomba kisha ukamwahidisha, huo ni utovu wa adabu, na benki machoni mwangu ilikuwa mkubwa. Nilipomaliza salamu na dua, nikaona sentensi ya kuitaka benki ituahidi ni kali mno. Nikaigeuza. Nikaandika kwamba kampuni inaahidi kuiuzia benki dola zake zote za mzigo ule, siku ile, kwa bei ile. Nilijiona mstaarabu. Nilidhani ni jambo lilelile limevalishwa nguo nzuri, kama mtu akisema nakuja kwako au unanipokea.

Niliituma bila kumsomea, na benki ikaandaa barua yake kwa kufuata yangu, ikaileta. Ilikuwa Alkhamisi, siku ambayo Bi Mhasibu hurudi kijijini kwao Vitongoji, na gari lilikuwa linapiga honi chini. "Nisomee." Nikasoma kichwa cha barua. Nikasoma kiasi, tarehe na bei. Nilipofika katikati, penye maneno marefu, macho yangu yalikuwa kwenye karatasi lakini mdomo ukasema nilichokumbuka yeye amenitajia: benki inaahidi kununua. Yeye akaitika kwa kichwa. "Nionyeshe pa kutia sahihi," akasema. Nikamwekea kidole, akatia sahihi pembeni ya kidole changu. Kisha tukaandika karatasi ya woga. Nani atatukinga? Ahadi ya benki. Niliiandika kwa mwandiko wangu mzuri.

Mwezi wa kwanza dola ilitulia. Wa pili ikaanza kushuka. Kwanza tulidhani ni mzaha, kisha ikashuka tena, na tena, na watu pale Konde waliokuwa wameficha noti za dola chini ya magodoro walizitoa wakazunguka nazo madukani. Mkurugenzi aliacha kutania. Alikuwa anapanda ngazi mara tatu kwa siku, anatazama simu yangu, anashuka. Nilimwogopea, nikamwogopea mama, ambaye alikuwa amekopa mabati ya nyumba kwa kuitegemea nusu yake ya pili, na fundi alikuwa amekwisha kung'oa makuti. Katika jengo lile mtu mmoja tu alikuwa ametulia. Bi Mhasibu alimaliza chai yake. Asubuhi hazikuwa tena na "Imeamkaje?" Alinipiga begani akasema, "Miye khofu yangu niliila mwanzo. Nyiye kuleni yenu sasa."

Siku dola zilipoingia alipiga simu benki, akaweka sauti nje ili Mkurugenzi asikie. Kijana wa benki alikuwa na adabu sana.

"Bi mkubwa, barua ninayo hapa mbele yangu. Hii ni ahadi yenu kwetu. Dola ingepanda, mngelazimika kutuuzia kwa bei hii. Imeshuka, na sisi hatukuahidi kununua. Mkitaka kuuza leo, karibuni, kwa bei ya leo."

Chini wapakizi walikuwa wanahesabu marobota kwa kuimba. Bi Mhasibu alifungua kabati, akatoa barua, akaisogeza mpaka ikagusa pua, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaisogeza tena. Ndipo nilipomtazama, kama mama alivyoniambia miaka miwili nyuma. Macho yalikuwa yanatafuta karatasi iliyokuwa mkononi mwake.

Akaninyooshea. "Nisomee."

Nikaisoma kama ilivyoandikwa. Sijawahi kuogopa namna ile. Sauti niliyoisikia haikuwa yangu. Kampuni inaahidi. Nilipofika mwisho nilijua kwamba yeye amejua: amejua kuwa siku ile nilisoma jengine. Nikangoja aseme.

Mkurugenzi akauliza, "Nani kaandika hivi?"

"Sahihi ya nani hiyo?" Bi Mhasibu akamwuliza.

"Yako."

"Basi."

Nami nikanyamaza. Naliandika hili wazi kwa sababu ndilo jambo baya kuliko yote niliyowahi kufanya, na nililifanya kwa kukaa kimya tu juu ya kiti.

Kesho yake Mkurugenzi alisema hakuna njia, bei ya Makangale ishuke. Tulikwenda watatu. Maji yalikuwa yanajaa na kina mama walikuwa wametoka baharini, nguo zimelowa hadi kifuani, wamekaa juu ya magunia yao chini ya banda la kuanikia. Mama yangu alikaa mbele. Hakunisalimu kama mwanawe. Alinisalimu kama mtu wa kampuni. Mkurugenzi alizunguka sana. Alianza na soko la dunia, akapita kwenye dola, akafika kwenye hali ngumu. Mama akamkata.

"Mwanangu, hebu sema. Ile bei ilosomewa Fatiha ipo au haipo?"

Mkurugenzi alijipangusa jasho. Bi Mhasibu akasimama.

"Ipo," alisema. "Nusu yenu ya pili mtalipwa kwa mafungu mawili badala ya moja. Lakini bei ni ileile. Kosa limetoka ofisini, na limetoka kwangu miye. Halikutoka baharini."

Mkurugenzi alimgeukia, mdomo wazi. Asingeweza kumkanusha mbele ya wanawake wote wale. Mama alimtazama Bi Mhasibu kwa muda, kisha akanitazama mimi, muda mrefu zaidi. Kama alijua, hakuniambia mpaka leo.

Dola zilizotengwa kwa kamba na makontena hazikuguswa na anguko lile, na hizo ndizo zilizotubakisha hai. Pengo lililobaki lilizibwa kwa kuuza lori la kampuni, na kwa sisi wa ofisini kukaa miezi mitatu bila mshahara. Mwanamke wa mwisho alipolipwa Bi Mhasibu aliweka seti tatu za funguo mezani kwangu. Ile ya tatu ilikuwa imeshonewa ndani ya pindo la buibui lake. Anaacha kazi, alisema, ni umri. Mkurugenzi hakumzuia, na kiti chake nikapewa mimi.

Huwa nasikia watu wakisema mtu akipata cheo hulala vizuri. Mimi tangu nikalie kiti kile nasoma kila hati mara tatu, na mara ya tatu nafuata neno kwa kidole. Barua ikija siku ya Alkhamisi naiacha mpaka Jumamosi. Nina pochi mbili. Asubuhi moja msichana mpya wa ofisi alinisabahi, nami kabla ya kumjibu nikamwuliza, "Imeamkaje?" Akaniuliza nani.

Nilichukua miaka miwili kwenda Vitongoji. Kila mara nilikuwa na sababu. Mwisho nilikwenda msimu huu ulipokaribia kufunguliwa, na mkobani nilikuwa na barua ya benki ya mzigo mpya, haijatiwa sahihi. Halua sikubeba. Nilimkuta ukumbini, miguu ameinyoosha juu ya mkeka, ungo mapajani, anachagua mchele. Hakuinua uso nilipoingia. Vidole vilikuwa vinapita juu ya punje, vinasimama, vinatoa jiwe, vinaendelea.

"Asalaam aleikum, Bi mkubwa."

"Waaleikum salaam." Vidole vikasimama. "Kumbe u hai."

Niliketi mkekani. Aliniuliza habari za mama, nikamwambia mabati yamekwisha kupigwa. Aliniuliza habari za Mkurugenzi, nikamwambia sasa anaogopa kidogo. Akacheka. Kisha sikuweza tena. Nikamwambia yote: adabu yangu ya kipumbavu, namna nilivyoigeuza sentensi, gari lililokuwa linapiga honi, mdomo wangu uliosema kitu ambacho macho hayakukiona. Nilimwambia nililia kila usiku wa miezi ile mitatu na mchana nikanyamaza.

Alichagua mchele mpaka nikamaliza.

"Nilijua siku ileile ya simu," alisema. "Ulivyosoma mara ya pili, sauti yako ilikuwa nyengine."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Ungeulizwa, 'Kwa nini alisomewa? Kwani mwenyewe haoni?'" Aliweka ungo chini. "Mwanangu, sukari ilinila macho. Nyaraka za kampuni nzima, miaka miwili, nimezitia sahihi sizioni. Niliogopa nikisema watanirejesha nyumbani. Kila khofu niliiandikia karatasi. Hiyo moja nikaificha, nikakuegemea weye, nawe hukujua kama umeegemewa. Sasa kosa la nani?"

Nilimshika mkono, naye akauacha mkononi mwangu.

"Umekuja na barua," akasema. "Nasikia inavyolia mkobani."

Nikaitoa. Nilianza kusoma, na nilipofika katikati, palepale, nikaacha. Maneno niliyaona vizuri, lakini sikuyaamini macho yangu, wala mdomo wangu.

"Tia kidole," alisema. "Kama chuoni, unaposomeshwa Kurani."

Nikatia kidole chini ya neno. Alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wangu, akaweka kidole chake juu ya changu, kimekauka na kina vumbi la mchele. Tukasogea pamoja, neno kwa neno. Benki. Inaahidi. Kununua.

"Rudi hapo," alisema. "Nani anaahidi?"

"Benki."

"Rudi tena."

Nikarudi.